Kichupa Kilichomponza Diwani

Shaka iliyoninyima usingizi ilikuwa fupi, ingeenea nyuma ya tiketi ya basi: nilichokiona kwenye mikroskopu kilitoka kwa dume wa Mama Kulwa, au kilitoka mkononi mwangu? Kila nilipopata jibu niliegemea upande wake, na kabla sijasinzia jibu lilikuwa limeshageuka.

Nawaandikia ninyi wawili mtakaokuja kukaa kwenye kiti changu. Mkataba wangu wa miaka mitano umekwisha, na mwezi ujao naanza masomo ya uzamili. Mzee Nkwabi, fundi sanifu wa maabara yetu, ambaye ndiye anayestaafu kweli mwaka huu, ameamua kwamba na mimi ni mstaafu. "Bibi mstaafu," ananiita mbele za watu, "andika kumbukumbu zako, watoto wasije wakadhani vitu hivi vilijifundisha vyenyewe." Nina miaka thelathini na moja. Nimekubali kuandika kwa sababu, tukihesabu kwa makosa, mimi ni mkongwe.

Kwanza niwaambie kazi yenyewe. Kituo kiko pembeni mwa mji wa Shinyanga, nyumba tatu za bati na mazizi kwa nyuma. Nyumba ya mbele ni ya uhimilishaji: tunachukua mbegu za dume mzuri na kuwapandikizia majike ambao dume huyo hatawaona maisha yake yote. Nyumba ya mwisho, yenye feni iliyokatika bawa moja, ndiyo yetu. Huko tunatafuta kwa nini mbegu nyingine zinatungisha mimba na nyingine hazitungishi, wakati ukizitazama zote zinaogelea vizuri tu.

Jiandaeni kuulizwa. Mama yangu anauza vitenge sokoni, na wateja wakimuuliza binti yake anafanya kazi gani, husema, "Yuko hospitali ya ng'ombe, upande wa uzazi." Siku moja shangazi akadadisi, "Kwa hiyo Zuhura ni mkunga?" Mama akafikiri kidogo, akasema, "Mkunga wa kabla." Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, sijapata maelezo bora zaidi.

Wafugaji nao watawatania. Mwaka wangu wa kwanza mzee mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Binti, umesoma miaka yote hiyo ili uje ukae na mbegu za madume?" Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Nkwabi akanijibia, "Na wewe umefuga miaka yote hiyo hujawahi kuziona hata moja. Sasa nani kati yenu hajasoma?" Walicheka hadi mmoja akaangusha fimbo, na yule mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta dume wake. Mkitaniwa, taniweni. Anayewatania ameshawakubali nusu.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa mwezi wa kwanza. Niliweka tone la mbegu kwenye kioo, nikatazama, nikakuta zote zimesimama. Nikatoka nje mbio kumtangazia mkuu wa kituo kwamba dume wetu bora ameharibika. Mkuu alikuwa ameshaanza kupiga simu, ndipo Mzee Nkwabi akachukua kioo kile na kukigusisha shavuni.

"Baridi," akasema. "Binti, wewe ukitolewa kitandani ukatumbukizwa kisimani, utacheza ngoma?"

Tangu siku hiyo kila kitakachogusa mbegu hugusa shavu langu kwanza. Kioo, pipeti, mrija, vyote. Kidole kinadanganya, maana kimezoea shida, shavu halijazoea. Umeme ukikatika, na utakatika, toeni kifuniko cha chupa ya chai, wekeni sahani ya bati juu yake, na vioo juu ya sahani. Chai ya saa nne inatosha kupasha vioo hadi adhuhuri. Ila mwandike kwenye chupa kwamba ni ya vioo. Tulishawahi kumnywesha mgeni rasmi.

Sasa nije kwenye vilango, maana ndivyo vilivyoniajiri.

Mkia wa mbegu una vilango vidogo mno, ambavyo vitabu huviita chaneli za ioni. Nilimweleza Mzee Nkwabi habari zake kwa nusu saa, nikachora na michoro mitatu. Alisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Kwa hiyo ni zizi."

Nikaanza kumsahihisha, kisha nikanyamaza, kwa sababu alikuwa sahihi. Nje ya mkia kalsiamu imesongamana kama ng'ombe waliorudi malishoni mvua ikianza kunyesha. Ndani iko kidogo sana. Kilango kikifunguka, inaingia kwa kishindo, na mkia uliokuwa ukipepea taratibu unaanza kuchapa kama kiboko. Bila kule kuchapa, mbegu itaogelea safari yake yote, itafika kwenye yai, na itabaki nje ya utando wake kama mgeni aliyepiga hodi nyumba isiyo na watu. Ndiyo maana mtu akikuambia "mbegu zinaogelea, dume ni mzima," amekueleza nusu tu.

Tunavipima kwa kafeini, ile ile iliyomo kwenye kahawa. Unadondoshea kidogo, unasubiri, unahesabu mikia inayochapa. Mzee Nkwabi huchungulia mlangoni na kuuliza, "Leo wanywaji wangapi?" Mkimsikia mtu anauliza hivyo baada ya yeye kuondoka, mjue ni desturi ya chumba, na mjibu kwa namba.

Na kwenye rafu ya chini mtakuta chupa ishirini za maji, kila moja na jina la lambo, yaani bwawa la kunyweshea ng'ombe. Msizimwage! Hizo ndizo naenda kuzisomea, nanyi mtazielewa tukimalizana na Diwani.

Diwani ni dume wa Mama Kulwa. Mama Kulwa ni mjane wa Mwakitolyo, ambako ardhi moja inagombewa na malisho na dhahabu. Kwenye uzio wake unasikia ng'ombe upande huu, na upande ule karasha zikisaga mawe toka asubuhi. Ana mapacha wakubwa: Kulwa ameolewa Ushirombo, na Doto anachimba. Dume alipewa jina hilo na Doto, kwa sababu kwenye maji hutangulia yeye, hunywa yeye, halafu husimama palepale akiwazuia wengine. Ni mwekundu, ana doa jeupe begani, na ndiye uzao pekee uliobaki wa ng'ombe walioachwa na marehemu baba yao. Wengine wote walimalizwa na ukame.

Diwani alikuwa akipanda majike wa kitongoji kizima, bure. Hakuna aliyelipa. Ila mvua za kwanza zikianguka, majirani walileta majembe yao ya kukokotwa na maksai, wakamlimia Mama Kulwa shamba lake kabla ya kulima yao. Haikuandikwa popote. Kila mtu alijua.

Mwaka huo majike wengi waliopandwa hawakushika mimba. Malisho yalikuwa mabaya na ng'ombe wamekonda, lakini mtu mwenye ng'ombe mkavu anatafuta wa kumlaumu, na Diwani alikuwa mmoja tu na anaonekana. Mama Kulwa akapanda bodaboda hadi kituoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanawane." Hilo kwa Kisukuma ni mwanangu. "Wewe ndiye unayepima madume?"

"Ndiye mimi."

Alinitazama juu hadi chini. "Nilidhani utakuwa mnene kidogo. Haya. Njoo unipimie wangu. Wananong'ona kwamba amekwisha, na wanaponong'ona hawatanilimia."

Nilienda. Kuvuna mbegu za dume akiwa zizini kwao kunahitaji jike, uvumilivu, na uke wa bandia, ambao ni mpira wenye maji ya uvuguvugu ndani yake. Doto alipouona alicheka hadi akakaa chini. "Mama, huyu Diwani anatapeliwa!" Diwani hakujali. Ila mimi nilikuwa na balaa lingine: mirija yangu mitatu ya kioo ilikuwa imefungwa nyuma ya pikipiki, na barabara ya Mwakitolyo mtaiona wenyewe. Miwili ilifika unga. Wa tatu ulipokea mbegu vizuri, kisha nikauona una ufa.

"Nahitaji chombo chenye kifuniko," nikasema, "haraka."

Doto akakimbia ndani akarudi na kichupa cha plastiki nene, kifuniko cha kusokota, ukubwa wa kidole gumba. Kilikuwa kinang'aa.

"Ni safi?"

"Safi kabisa. Mama amekiosha kwa sabuni na maji ya moto."

Nikakigusisha shavuni, kikawa na joto. Nikamimina. Mama Kulwa akakichukua akakibana kwapani mwake hadi pikipiki ilipowaka, akanifundisha nami nikibane hivyo hivyo hadi mjini. "Kwapa la mtu halipoi," aliniambia, na ni kweli, sijapata kifaa kinachoshika joto sawasawa kama hicho. Nilikipenda kichupa kile. Kilienea kwapani, hakivuji, hakivunjiki. Nikarudi Mwakitolyo mara mbili zaidi, na mara zote mbili nikatumia hicho hicho.

Mara zote tatu nilikuta jambo lile lile. Mbegu zinaogelea. Kafeini inaingia. Mikia haichapi. Inapepea tu kama haijasikia.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Niliandika kurasa nne za vitu vinavyoweza kuwa vimesababisha: joto la njiani, mtikisiko wa pikipiki, umri wa dume, chumvi anayolambishwa, hata kelele za karasha. Nikavifuta kimoja kimoja. Kikabaki kimoja kilichopendeza kuliko vyote: zebaki. Wachimbaji huitumia kukamata dhahabu, maji yake hutiririka bondeni, Diwani hunywa bondeni, na inajulikana kwamba zebaki huziba vilango vya aina hii. Kila kitu kilikaa mahali pake. Kitu kinapokaa mahali pake vizuri hivyo, watoto wangu wa kazi, simameni. Mimi sikusimama. Kichupa hakikuwemo katika kurasa zangu nne kwa sababu ndicho kilichokuwa kikibeba majibu, na nani humshuku mbeba barua?

Nikaandika ripoti. Profesa wangu wa chuo kikuu akanipigia mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Zuhura, hili ni kubwa. Hili linakupatia nafasi ya masomo." Nikaandika pia barua ya ukurasa mmoja kwa afisa mifugo wa Mwakitolyo, kwamba dume huyu hafai tena kupanda. Nikaenda mwenyewe kumweleza Mama Kulwa. Hakulia. Alimgeukia Doto.

"Zebaki yenu," akasema.

"Mama, mimi nachimba tu kama wengine."

"Na Diwani amekunywa tu kama wengine."

Kuanzia siku hiyo akawa hapokei unga wala sukari aliyoleta Doto. Akakubaliana na afisa mifugo kwamba siku ya josho, ng'ombe wote watakapokusanyika kuogeshwa, Diwani ahasiwe kwa koleo, afundishwe kukokota jembe. "Kama hawatanilimia," aliniambia, "basi atanilimia yeye."

Nilirudi mjini nikijihisi mtaalamu. Kichupa nikakiweka mezani, kikawa cha kuwekea pini.

Jumatatu ya wiki ya josho Mzee Nkwabi alikuja kuomba pini. Akafungua, akamimina kiganjani, akakisogeza kiganja dirishani.

"Binti."

"Naam, mzee."

"Pini zako zinatoka jasho?"

Kwenye kiganja chake, katikati ya pini, kulikuwa na kipunje cha rangi ya fedha, kidogo kuliko mbegu ya mchicha. Aliinamisha mkono, kikakimbia. Akaurudisha, kikarudi. Tukakidondosha kwenye chupa ya kioo tukaifunga, akaenda kunawa mikono kwa muda mrefu, tukafungua madirisha yote. Kisha tukatazama kifuniko. Ndani yake kulikuwa na kiduara chembamba cha kuzuia maji yasivuje. Akakibandua kwa ncha ya kisu. Chini yake kulikuwa na vipunje vingine vinne, vimekaa raha mustarehe, vimeokoka sabuni na maji ya moto.

Nilikaa chini.

Mkisahau yote niliyoandika, shikeni hili. Niliuliza, "Ni safi?" Hilo ni swali la mgeni aliyekaribishwa chakula, na mwenye nyumba yeyote atajibu ndiyo. Swali la kazi ni, "Kilikuwa na nini?" Katika nchi ya machimbo, kila chombo kidogo kizuri chenye kifuniko kimeshawahi kuwa na kazi nyingine.

Jumanne tukavuna mbegu za dume wetu wa kituo, ambaye namfahamu kama ninavyofahamu saini yangu. Nusu tukaweka kwenye kioo, nusu kwenye kichupa cha Doto, tukazikalisha muda ule ule wa safari ya Mwakitolyo. Za kioo zilichapa kama kawaida. Za kichupa zilipepea tu.

"Basi," Mzee Nkwabi akasema. "Dume wa watu hana kosa."

"Au wote wawili wana kosa," nikasema. "Kichupa kinaziba vilango, sawa. Hiyo haisemi kwamba vya Diwani vilikuwa wazi. Pengine anakunywa zebaki kweli. Pengine—"

"Pengine."

"Nikimtetea halafu akawa mgonjwa kweli, majirani watapoteza mwaka mwingine. Nahitaji kurudia. Nipime maji ya bondeni, nipime dume mwingine wa pale pale, nirudie kwa vyombo vipya mara tatu."

"Muda gani?"

"Wiki sita."

"Josho ni Alhamisi."

Jumatano nilikaa kwenye kiti hiki hiki, nikichora mpango wa majaribio sita. Ulikuwa mpango mzuri. Ndipo ile shaka ilipokuwa na nguvu kuliko siku zote: ng'ombe au mkono wangu? Nilikuwa nasubiri ijijibu ndipo niondoke. Na nyuma yake, sitawaficha, kulikuwa na shaka nyingine yenye aibu zaidi: ripoti iko kwa profesa, na nafasi ya masomo inasubiri jibu kutoka juu. Nikikaa kimya wiki sita, nitakuwa nimeipata. Nilijiambia kimya changu ni uangalifu.

Mzee Nkwabi aliingia na chai, ya kunywa, akausoma mpango wangu wote kwa utulivu akiwa amesimama.

"Umeandika vizuri," akasema. "Ila koleo la kuhasi halina kinyume, binti. Shaka yako inaweza kungoja wiki sita. Yeye hawezi. Huhitaji kujua ndipo useme. Sema kwamba hujui."

"Nitaonekanaje?"

"Kama mtu asiyejua." Akanywa chai yake. "Mimi nimeonekana hivyo miaka thelathini na zaidi, na mshahara ulikuja."

Alhamisi asubuhi nilifunga mirija sita ya kioo, kila mmoja ndani ya soksi yake, nikachukua mikroskopu ya zamani inayotumia kioo cha kuakisi jua, nikapanda pikipiki. Profesa nilishamwandikia ujumbe kwenye simu. Sikuwa nimeutuma. Nilijiambia nitautuma nikishahakikisha.

Josho la Mwakitolyo ni mtaro mrefu wa saruji uliojaa maji ya dawa. Ng'ombe wanaingia upande huu wakiruka, wanatoka upande ule wakikohoa. Nilipofika, vumbi lilikuwa limejaa na Diwani alikuwa ameshafungwa kwenye kibanio, pembe zimekazwa kwa kamba. Afisa mifugo alikuwa akipaka mafuta kwenye maungio ya koleo. Wenye mifugo walisimama kuzunguka. Dume wa kitongoji kizima anapohasiwa watu huja kumuaga.

"Karibu mtaalamu," afisa akasema. "Barua yako ninayo hapa."

"Shikamoo. Naomba unirudishie."

Akadhani nataka kuongeza muhuri. Akanipa. Nikaikunja nikaitia mfukoni.

"Mama Kulwa," nikasema, "nimekosea. Kile kichupa nilichobebea kilikuwa na zebaki kwenye kifuniko. Nilichopima ni kichupa. Sikumpima Diwani."

Sauti ikatoka nyuma: "Kumbe na chuo kikuu wanahasi kwa kubahatisha!" Wakacheka. Mwingine akadakia, "Mfungeni yeye kwenye kibanio!" Nikacheka nao, kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia.

Mama Kulwa hakucheka. "Kwa hiyo Diwani ni mzima?"

"Sijui, mama."

"Hujui."

"Sijui. Nilikuambia najua, nami sikuwa najua. Naomba asihasiwe leo. Anaweza kuhasiwa wiki ijayo kama ni mgonjwa. Akihasiwa leo, hata tukigundua ni mzima haitasaidia."

Akamtazama afisa, akatazama koleo. Ndipo Doto akasogea mbele, kofia mkononi. "Mama, kichupa kile ni changu. Nilikuwa nawekea zebaki ya kuoshea dhahabu. Nilipompa dada nilijua kimeoshwa."

"Kilikuwa kinakaa wapi?"

Doto akatazama chini.

"Nimekuuliza kilikuwa kinakaa wapi."

"Jikoni. Nyuma ya chumvi."

Naamini kila mtu pale alikuwa akitembea kwa mawazo ndani ya jiko lake, akiangalia nyuma ya chumvi. Siku chache baadaye wenyewe ndio waliotuletea maji ya malambo yao, kwenye chupa tulizowapa sisi, wakiomba tuyajaribu kwa mikia ya dume wa kituo. Ndizo zile chupa ishirini.

Lakini pale joshoni Mama Kulwa alisema tu, "Nyuma ya chumvi yangu." Akavuta pumzi. "Doto, tutaongea nyumbani. Ukija, njoo na ule unga." Kisha akamgeukia afisa. "Baba, rudisha chombo chako kwenye begi." Kisha mimi. "Na wewe, leo umekuja na chupa ya kwako?"

"Nimekuja na sita."

"Kwenye soksi?"

"Kwenye soksi."

"Angalau umejifunza kitu. Mfungueni Diwani, mleteni jike."

Tulivuna mbele ya kitongoji kizima, wakishangilia kama mpira wa miguu. Mama Kulwa akaupokea mrija, akaubana kwapani, akanitazama kama anayesema fanya haraka. Niliweka mikroskopu juu ya ukuta wa josho, nikaelekeza kioo chake kwenye jua, nikagusisha kioo cha tone shavuni. Cha moto vizuri. Nikatoa kafeini.

Nikasimama. Nilijua kwamba nikitazama kwanza, nitautuma ule ujumbe wa profesa au sitautuma kulingana na nitakachokiona. Zikichapa, nitakuwa jasiri. Zisipochapa, nitajiambia ripoti ilikuwa sahihi tangu mwanzo, kichupa au bila kichupa, na nitakaa kimya maisha yangu yote. Ila ripoti ilikuwa na kosa kwa vyovyote vile, hata kama Diwani ni mgonjwa.

Mtandao pale unapatikana juu ya ngazi ya kibanio tu. Nikapanda. "Profesa, naondoa ripoti yangu. Chombo nilichotumia kilikuwa na zebaki. Kosa ni langu." Nikabonyeza. Nikaisubiri ile alama ya kuonyesha ujumbe umeondoka, ikaonekana, nikashuka.

"Zinapoa hizi!" Mama Kulwa akapiga kelele.

Nikadondoshea kafeini kwenye tone, nikarekebisha lenzi bila kuangalia sana, nikampisha. "Tazama wewe kwanza, mama."

Akainama, jicho moja amelifunika kwa kiganja, ushungi umemwangukia begani. Alikaa hivyo muda mrefu. Nyuma yetu ng'ombe waliendelea kuruka majini mmoja mmoja.

"Zinafanya nini?" nikauliza.

"Zinachapa, ng'wanawane," akasema, bila kuinua kichwa. "Zinachapa kama zimechelewa lambo."